Shilingi Iliponasa kwenye Sumaku

Mwaka 1987 nilikuwa kijana wa fundi mmoja pale Gerezani, Dar es Salaam. Kazi yangu ilikuwa kuchambua skrepa. Gunia likimwagwa chini, nilipita na sumaku tuliyoing'oa kwenye spika ya redio mbovu. Kinachonasa ni chuma, kinatupwa kule. Kisichonasa kinatazamwa vizuri, maana humo ndimo mlimokuwa na kopa na brasi, na riziki yetu ilikuwa humo.

Siku hizo shilingi haikunasa. Namaanisha ile iliyoanza Juni 1966, Benki Kuu ilipofungua milango: sura ya Mwalimu Nyerere upande mmoja, mkono ulioshika Mwenge upande wa pili. Ilikuwa robo tatu shaba, robo nikeli. Nikeli ikiwa peke yake hunasa kwenye sumaku, lakini ikichanganywa na shaba kwa kiasi kile hugoma kabisa. Jambo hilo lilinishangaza hata baada ya kulielewa. Senti 20, ile ya mbuni, ilikuwa brasi yenye nikeli kidogo. Senti 5 ya samaki ilikuwa ya bronzi. Kwa hiyo mfukoni mwa mtu yeyote mlikuwa na madini tuliyokuwa tukiyasaka magunia kwa magunia, tena safi, yasiyo na rangi wala risasi ya kuchomea.

Na yalitumika. Sheria ilikataza kuharibu sarafu, lakini mtaani senti 5 ilikuwa haikununulii hata pipi, wakati ukiitoboa katikati ilikuwa washa nzuri ya kupigilia bati la paa, isiyoshika kutu. Senti 20 iliyeyuka bila shida kwenye moto wetu wa mkaa na kutoka vikuku. Shilingi ilikuwa na kiburi. Mvukuto ulipulizwa mpaka kijana akachoka, nayo ikabaki inakutazama. Kwa hiyo hatukuiyeyusha. Tuliigonga ukingoni taratibu kwa nyundo ndogo, tukiizungusha, mpaka ukingo ukapanuka na kulala. Kisha tunatoboa katikati, tunapiga tupa, inakuwa pete. Ikisuguliwa kwa majivu na ndimu iling'aa kama fedha halisi. Wachumba kadhaa wa Temeke walivishwa shilingi moja bila kujua, na sina hakika kama waume zao wamewahi kuwaambia.

Kisha ikaja shilingi mpya, yenye sura ya Rais Mwinyi. Ilikuwa ndogo kuliko ya zamani, lakini udogo haukunishtua. Kilichonishtua ni kwamba niliipitisha karibu na sumaku nikiwa sina nia yoyote, nayo ikaruka na kunasa, tap!

"Mzee," nikamwita fundi, "tumepewa pesa bandia."

Akaibandua, akaigonga kwenye fuawe, akasikiliza mlio. "Si bandia, mwanangu. Ni chuma kimevikwa nikeli." Akaenda kwenye kopo lake la misumari akatoa shilingi mbili za Mfalme George. Moja ilikuwa ya kabla ya vita, nyingine ya 1948. Zilifanana ukubwa, simba yuleyule, milima ileile nyuma yake. Akaniambia ya kwanza ina fedha robo nzima, ya pili haina hata chembe; Mwingereza aliiondoa fedha akaweka shaba na nikeli, na watu wakaendelea kuuziana ndizi. Mwaka uliotangulia alikuwa ameshaiondoa kwenye sarafu za kwao Uingereza, kwa kuwa alidaiwa madini hayo ya fedha na Marekani tangu vitani. Hilo la deni nilikuja kulijua baadaye; fundi alisema tu kwamba mkubwa akifilisika, anaanza kukwangua sarafu.

Sababu ya kwetu haikujificha. Mwanzoni mwa 1986 dola moja ilikuwa kama shilingi 17. Mwaka huohuo serikali ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, shilingi ikashushwa, na kufikia 1990 dola ilikaribia shilingi 200. Shaba na nikeli hununuliwa kwa dola, na mwaka 1988 bei ya nikeli ilipaa duniani kote. Ukiendelea kuweka shaba ndani ya shilingi yenye thamani ya kama nusu senti ya Marekani, unawagawia mafundi wa Gerezani malighafi. Kusema kweli, serikali ilikuwa inajikinga na watu kama sisi, na sikuweza kuilaumu.

Iliyowachanganya watu zaidi ni sarafu ya shilingi 10, ambayo kabla yake tuliizoea kama noti ya kijani. Ilitoka 1987 ikiwa ya shaba na nikeli, yenye sura ya Mwalimu. Za kuanzia 1990 zilikuwa na sura ileile na umbo lilelile, ila ndani ni chuma. Kwa macho huwezi kuzitofautisha, labda usome mwaka. Mama mmoja aliyeuza maandazi jirani yetu aliona mchezo wangu wa sumaku, akaanza kuleta kikopo chake cha mauzo jioni. "Kijana, hebu nichagulie zile nzito." Uzito alikuwa anauwaza tu, ila alitaka za zamani azifiche chini ya godoro. Nilimchagulia. Nadhani kuna nyumba nyingi zilizofanya hivyo, maana zile zisizonasa zilizidi kupungua kwenye mzunguko.

Wateja wa pete waliendelea kuja na shilingi zao mpya mkononi. Nyundo iliwajibu: ukiigonga ukingoni, gamba la nikeli linachanika, na baada ya msimu mmoja wa mvua na hewa ya chumvi ya Dar kidole kina alama ya kutu. Fundi alikataa kuzipokea. Akahamia kwenye brasi ya koki za mabomba na bei ikapanda, kwa kuwa koki tulilazimika kuinunua kwa kilo, wakati shilingi mteja alikuja nayo mwenyewe.