Ada Ina Kiasi, Lawama Haina

Mtoto wa kwanza katika familia zetu nyingi hukua akijua kwamba masomo yake si yake peke yake. Kuna ng'ombe aliyeuzwa, kuna wadogo wanaosubiri. Hakuna mkataba unaoandikwa, lakini siku anapopata kazi mjini kila mtu anajua zamu imefika. Sioni ubaya katika hilo. Wengi wetu tumesomeshwa hivyo hivyo. Ugumu huja pale anayetegemewa anapougua ugonjwa usioonekana.

Kwangu sonona haikuanza na machozi. Ilianza na sufuria kulala na ukoko, nguo kurundikana kwenye kiti, na simu kulazwa kifudifudi mezani ili nisione jina la mama likiwaka. Mdogo wangu alikuwa anadaiwa ada, nami sikuwa na nguvu hata ya kuoga, sembuse kwenda kazini. Usiku nilijisomea mashtaka: wenzako wamejenga, wewe umelala, baba alitembea kwa miguu ili wewe upande gari, na haya ndiyo malipo yake.

Kliniki nilipewa dodoso fupi la maswali tisa, PHQ-9, ambalo madaktari wa nchi nyingi wamelitumia tangu mwaka 2001. Linauliza habari za wiki mbili zilizopita: usingizi, uchovu, hamu ya kula. Swali la sita linauliza kama umekuwa ukijiona umeshindwa, au umejiangusha mwenyewe au familia yako. Nikalirudia kulisoma. Nililokuwa nikiliamini kuwa ndiyo tabia yangu halisi, kumbe wataalamu wameliweka safu moja na kukosa usingizi, dalili miongoni mwa dalili.

Sisemi kwamba deni lilikuwa la kufikirika. Ada ilikuwa inadaiwa kweli. Ila ada ina kiasi. Unaweza kulipa kidogo kidogo, ukaomba muda, ukamwomba mjomba akushike mkono. Lawama za sonona hazina kiasi. Hata ungetuma mshahara wote, zingekuambia umechelewa. Naamini hapa ndipo wengi tunapopotea: tunakopa kwa riba ya kuumiza ili tunyamazishe kitu kinachohitaji tiba. Na tiba yenyewe inataka subira, maana dawa nyingi za sonona huchukua wiki kadhaa kabla ya kuleta nafuu.

Mama nilimweleza kwa simu. Alinyamaza kidogo, akauliza, "Unakula, mwanangu?" Kisha akasema, "Ya ada nitaongea na mwalimu mkuu. Wewe pona kwanza." Najua si kila mzazi angejibu hivyo. Wapo watakaosema ni uvivu, wapo watakaosema umerogwa. Kwa hiyo simwambii kila mtu aanze na mzazi. Aanze na shangazi, rafiki, au muuguzi wa zahanati, mradi awe mtu wa kusikiliza.

Ukifika mahali pa kuwaza kwamba watu wako wangepata nafuu usingekuwepo, huo ni ugonjwa unaosema, tena kwa hatari. Usilale nao peke yako. Mwambie mtu leo hii, akusindikize hospitali. Nanyi mnaopiga simu mwisho wa mwezi, nawaomba: ulizeni hali kwanza, hela baadaye.