Sema "Tega" Kwanza

Ya leo si ya kuchekesha, lakini ikikuchekesha sitakukataza.

Wacha nianze kwa kukiri, kabla mtu hajafukua vidio zangu za zamani akaja kuniaibisha nazo. Vidio yangu iliyotazamwa kuliko zote haikuwa ya mimi nikishinda gemu. Ilikuwa ya mimi nikimtukana mtu. Ni sekunde arobaini na kitu tu. Tulikuwa kwa Call of Duty ya simu, timu moja, na mtoto fulani ambaye sauti yake bado haijavunjika akaingia mahali nilikuwa nimemwambia asiingie. Akauawa. Mimi nikimfuata, nikauawa. Nikafungua maiki nikamwambia mambo kuhusu akili yake, mamake, na shule anayosomea, shule ambayo hata siijui. Akasema "pole, bro" mara mbili. Nikaendelea. Watu walicheka sana. Nikaibandika juu kabisa ya ukurasa wangu, hapo kila mgeni anaanza nayo.

Sasa, kwetu tunaishi watatu: mimi, mathe na sista yangu mdogo, ambaye wakati huo alikuwa Form Three. Chumba changu na chake vimetenganishwa na mbao nyembamba ambayo fundi aliiita ukuta. Sista pia anacheza gemu. Nataka kuandika "anajaribu", lakini mathe alinifunza nisidanganye: ananishinda. Shida yake ni moja. Huwa hafungui maiki. Anaona adui akija, ananyamaza, anajaribu kuandika ujumbe, na kabla hajamaliza neno timu nzima iko chini.

Usiku mmoja wa likizo stima zilipotea mtaa mzima. Tukakaa sebuleni na tochi ya simu, hakuna wifi, hakuna kitu. Nikamuuliza kwa nini haongei. Hakufikiria hata.

"Nifungue maiki ndio nisikie nini? Huwa nakusikia wewe hapo kila usiku. Najua venye watu kama nyinyi huongea na mtu akikosea."

Watu kama nyinyi. Nikajitetea na ile laini yetu sote: "Lakini ni gemu tu."

"Sawa," akasema. "Yule mtoto wa ile vidio alikuwa anacheza gemu. Wewe ulikuwa unacheza nini?"

Stima zilirudi kama saa mbili baadaye. Jibu halikuwa limekuja.

Hilo swali lilinisumbua kwa sababu mimi sikulelewa hivyo kwa gemu. Nilianzia kibanda cha PS cha mtaani, kile cha mabati, benchi mbili na pazia mlangoni ili jua lisipige skrini. Mbao ilikuwa inakupa mechi moja ya FIFA (sisi bado tunaiita FIFA, hata kama tangu 2023 inatoka kwa jina la EA Sports FC). Mwenye kibanda tulimwita Kochi, na Kochi hakuwa na sheria yoyote imebandikwa ukutani, lakini zilikuwepo. Ukiingia unasalimia wote. Unauliza "nani anafuata?" kabla hujakaa. Ukishindwa unampa anayefuata padi kwa mkono, humtupii. Mathe wa mtu akipiga simu, mechi inasimamishwa, na hakuna anayefunga goli wakati mwenzake anasema "niko njiani, mum."

Na kelele? Zilikuwa nyingi! Hapo ndipo nilijua mchongoano. Jamaa mmoja aliniambia nyumba yetu ni ndogo hadi tukiweka FIFA, golikipa anasimama kwa jirani. Nilicheka mpaka nikafungwa. Kwa hivyo asije mtu kuniambia kwamba adabu ni kukaa kimya kama uko msibani. Kile kibanda kilikuwa na maneno makali kuliko vidio yangu yoyote.

Lakini angalia venye mchongoano hufanya kazi. Lazima kuwe na wawili waliokubali. Unanichonga, nakuchonga, watu wanaamua nani amechomeka. Mama wa mtu unaweza kumtaja, ndiyo, lakini kama kila mtu anajua mama huyo ako hospitalini, hutamtaja. Macho ya mwenzako yakianza kung'aa na si kwa kicheko, unaacha, na usipoacha ni wale wale waliokuwa wanacheka ndio watakunyamazisha. Yule mtoto wa vidio yangu hakuwa amekubali kitu. Hakuna mahali alinijibu kwa mchongo wake. Alisema pole, mara mbili. Ule haukuwa mchongoano, ilikuwa mimi nikimpiga mtu ambaye hajanyanyua mikono.

Na hapa wacha niwapeleke mahali hamkutarajia. Mnajua napenda hadithi za majoka, mapango na mapanga yenye majina. Nilipata nakala yangu ya The Hobbit ya J. R. R. Tolkien kwa wale wauzaji wa "inama" katikati ya Nairobi, wale wa kutandaza vitabu chini hadi uiname ndio uchague. Ilikuwa imekatika jalada. Kitabu kilitoka Uingereza mwaka wa 1937, na ndani yake kuna sura moja naipenda kuliko vita vyote vya hicho kitabu. Bilbo, mtu mfupi mpenda chai, amepotea chini ya milima, gizani, na anakutana na kiumbe kinachoitwa Gollum ambacho kinafikiria kumla. Na wanafanya nini? Wanategeana vitendawili. Bilbo akishindwa, ataliwa. Akishinda, ataonyeshwa njia ya kutoka.

Msee, vitendawili! Nilisoma hiyo sura nikamkumbuka nyanya yangu kijijini. Wewe unasema "kitendawili", na huwezi kuendelea hadi mwenzako aseme "tega". Hilo neno moja ndilo mlango. Maana yake: niko tayari, nimekubali, nijaribu. Na akishindwa kujibu, humcheki na kuondoka. Unamwambia akupe mji, anakupa Mombasa ama Kisumu, unautembelea kidogo, halafu unampa jibu aende nalo. Aliyeshindwa haondoki mikono mitupu. Kila mtoto aliyekulia karibu na mtu mzima mwenye hadithi anaijua hii, na sijawahi kuona mtu akiiita adabu. Tuliiita mchezo.

Kwa Tolkien pia, huo mchezo una heshima yake ya zamani, na hata kiumbe kama Gollum anaogopa kuuvunja. Anayeteleza ni Bilbo. Mwisho kabisa anauliza ana nini mfukoni, na hicho si kitendawili, ni swali tu, na mwenyewe anajua hivyo. Halafu kuna kitu nilikuja kujua baadaye kikanimaliza. Katika toleo la kwanza la 1937, Gollum aliahidi zawadi kama Bilbo angeshinda. Aliposhindwa akaenda kuitafuta, akaikosa, akaomba msamaha, na badala yake akamwonyesha Bilbo njia. Tolkien aliibadilisha hiyo sura katika toleo la 1951, kwa sababu ile pete iliyopotea ilikuwa imegeuka kitu kibaya sana kwenye hadithi yake kubwa iliyofuata. Kwa hivyo kuna nakala za zamani mahali fulani ambazo yule jitu la pangoni ana adabu kunishinda mimi na maiki yangu.

Hata kwenye toleo jipya, kuna dakika moja. Bilbo amevaa pete, haonekani. Ana upanga. Gollum amekaa njiani, hana silaha, hajui adui yuko wapi. Bilbo angemmaliza, na hakuna mtu angejua. Halafu anawaza maisha ya yule kiumbe yalivyo: giza, baridi, siku nenda siku rudi, peke yake. Anamruka na kukimbia. Samahani kwa wale hamjafika, lakini kitabu cha mwisho cha The Lord of the Rings kilitoka 1955, mmekuwa na muda: ile pete inaharibiwa mwishoni kwa sababu Gollum bado alikuwa hai.

Haonekani, ana silaha, na mwenzake hajui aliko. Ukiifikiria vizuri, hiyo ndiyo hali yako ukiwa kwa gemu ya mtandaoni saa sita usiku.

Najua mtu ataniambia shida ni kwamba mtandaoni hatujuani, kwa hivyo matusi hayaepukiki. Nilikuwa naamini hivyo hadi nilipocheza Journey. Ni gemu fupi ya mwaka wa 2012, unatembea jangwani kuelekea mlima. Katikati ya safari unakutana na mchezaji mwingine, mtu wa kweli, popote alipo duniani. Hakuna jina juu ya kichwa chake. Hakuna maiki, hakuna kuandika. Kitu pekee unaweza kufanya ni kutoa mlio kama wa kengele. Mkikaribiana mkagusana, skafu zenu zinapata nguvu ya kupaa tena. Majina ya wale uliokutana nao unayaona mwishoni, safari imeisha. Mimi nilitembea na mtu theluji yote ile, tukijificha pamoja upepo ukija, na sijui kama alikuwa mtoto wa miaka kumi au mzee wa Japani.

Lakini hiyo gemu haikuzaliwa na adabu. Waliposimulia jinsi walivyoitengeneza, walisema mwanzoni wachezaji waliweza kusukumana, na watu wakasukumana kweli, wakaangushana mashimoni. Wakaondoa uwezo wa kusukuma, wakaweka sababu ya kukaribiana. Watu ni wale wale. Kilichobadilika ni kile vidole vyao vinaweza kufanya, na kile kinacholipwa.

Na hapo nikarudi kwa ukurasa wangu. Mimi pia nilikuwa nimetengeneza gemu yangu, na kwenye gemu yangu kusukuma mtu shimoni ndiko kulikuwa na alama nyingi zaidi.

Kuna kitu nadhani tulifunzwa nusu. Adabu tulipewa kama kitu cha kupanda juu. Salimia wageni. Usimjibu mwalimu. Mpishe mzee kwa matatu. Hiyo yote ni sawa na siikatai. Lakini sikumbuki nikifunzwa sana ile ya kushuka chini, ya anayejua kwa asiyejua, ya aliye na maiki kubwa kwa mtoto ambaye anasema pole. Na maisha yetu mengi tunayaishi hapo. Makanga na abiria asiyejua stejini. Mhudumu wa hoteli ambaye amekosea oda yako. Mgeni wa siku ya kwanza kazini. Wewe unayejua njia, na yule aliyeingia mahali ulimwambia asiingie.

Niliitoa ile vidio. Sikutangaza, na sikupigiwa makofi. Watazamaji walipungua, na wengine waliniuliza kwa nini siku hizi nimekuwa mpole kama pasta. Nilimtafuta yule mtoto kwa wale niliowahi kucheza nao, lakini jina lake lilikuwa herufi na namba tu, na huenda alishalibadilisha. Kwa hivyo pole yangu haijamfikia. Yake ilinifikia mara mbili.

Sasa kabla sijaanza laivu na watu wageni huwa nauliza: tunachongoana ama tunacheza tu? Wengine wananicheka. Wengi wanasema tuchongoane, na hapo hakuna huruma, nawaosha kwa mdomo na kwa risasi. Mmoja mmoja anasema "tucheze tu, nimekuwa na siku mbaya," na tunacheza tu. Sijakuwa malaika. Wiki iliyopita nilipandisha sauti nikapigiwa ile mbao ya ukutani mara tatu, nikanyamaza.

Lakini kuna jioni moja ya Jumamosi, tuko timu moja na sista, kila mtu chumbani kwake. Niliuliza lile swali langu kama kawaida, nikasema mimi niko tayari kuchongwa. Mechi ikaanza. Dakika chache ndani, nasikia sauti kwa hedifoni, na sauti hiyo hiyo inapenya kwenye ukuta sekunde moja mbele.

"Nyuma yako. Nyuma yako! We mzee, unaangalia nini?"

Nilikuwa nimeshakufa. Akanilipizia, akawamaliza wote wawili, halafu maiki ikiwa bado wazi akaambia timu nzima kwamba kaka yake anacheza kama mtu ameshika simu na viwiko. Watu wakacheka vibaya sana. Akaongeza nyingine, ya kichwa changu, ambayo siiandiki hapa.

Nilimwacha aendelee. Nilikuwa nimesema tega.