Siku mapaja yangu yaligoma

Mwaka wa pili karibu wote niliumwa chini ya kitovu. Siyo maumivu ya hedhi, hayo nayajua. Haya yalikuja hata wiki ambayo sina siku zangu, hasa nikikaa muda mrefu darasani. Nilimeza dawa za UTI mara tatu ingawa mkojo ulikuwa safi. (Zahanati zetu mnazijua: ukisema tumbo, dawa inaandikwa kabla hujakaa.)

Mwishowe nikatumwa hospitali kwa daktari wa magonjwa ya wanawake. Ultrasaundi haikuonyesha kitu, akasema nipande kitandani anipime kwa ndani. Aliponigusa goti tu, mapaja yakajibana yenyewe. Nikatetemeka kama mgonjwa wa malaria. "Legeza bwana, wewe si mtoto," akasema. Nikavaa, nikatoka.

Nesi alinifuata mpaka nje, mahali pasipo na watu. "Mdogo wangu, kuna mtu aliwahi kukuumiza?"

Nilikuwa na miaka tisa. Mtu wa nyumbani. Nilijibu kwa kutikisa kichwa tu, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumjibu mtu yeyote.

Hakunipa pole nyingi. Alinieleza kwamba misuli ya nyonga hujifunza kujilinda, na inaweza kuendelea kujibana miaka mingi baada ya hatari kupita. Misuli iliyobana muda wote inauma, na maumivu hayo ni ya kweli, siyo ya kujitungia. Ila akanionya tusiishie hapo, kwa sababu endometriosi nayo inaweza isionekane kwenye ultrasaundi. Kwa hiyo lazima nipimwe.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake Tanzania, na dalili zake za awali hutafutwa kwenye kitanda kilekile. Ningekikimbia mpaka lini? Wako wangapi wanaokikimbia, halafu tunawaita wazembe?

Nesi amenitafutia daktari mwanamke. Tumekubaliana: nikisema simama, anasimama. Naruhusiwa kuingia na mtu, na siku ya kwanza ni mazungumzo tu, sivui kitu.

Ni Ijumaa hii. Rumeti wangu atanisindikiza. Anajua ni UTI tena. Nadhani nitamwambia tukiwa kwenye daladala, au tukiwa tunarudi.