Ubao Hautaki Haraka

Watu wengi hudhani kuwa mti ukishapasuliwa mbao umekwisha kufa. Sivyo. Ubao huendelea kunywa unyevu wa hewa na kuutoa, hata ukiwa chini ya miguu yetu. Ukinywa hutanuka kwa upana, ukikauka husinyaa. Kwa urefu haubadiliki sana. Ndiyo sababu sakafu ya mbao iliyotandikwa upesi hufanya nyufa, au huvimba ikainuka.

Haya nimejifunza kwa mjomba wangu, seremala wa Dodoma. Likizo iliyopita alipata kazi ya kutandika sakafu kwa mbao za mtiki zilizotoka Muheza, karibu na pwani, ambako hewa ina unyevu mwingi kuliko Dodoma. Mwenye nyumba alitaka kazi iishe kwa wiki mbili, kabla ya arusi ya binti yake.

Mjomba alitandaza karatasi ya nailoni juu ya saruji, akaziba kingo zote. Kesho yake tulikuta matone ya maji chini yake. Saruji ilikuwa bado mbichi. Kisha tukapima kipande cha ubao kwa mizani ya sonara: gramu 57. Tukakikausha katika tanuri ya mikate, kwa moto mdogo, mpaka uzito ulipokoma kupungua. Kikabaki gramu 50. Basi maji yalikuwa gramu 7, yaani asilimia 14 ya uzito mkavu. Kwa hewa ya Dodoma ni mengi.

"Mzee," mjomba akasema, "saruji ikauke kwanza. Mbao nazo tuzipange humu ndani, na vijiti kati yake, zizoee hewa. Nipe miezi miwili."

Mwenye nyumba alikasirika, akatafuta fundi mwingine. Nami niliona uchungu, maana ujira ule ndio ungeninunulia godoro na madaftari. Nikamwuliza mjomba kwa nini asipigilie tu, alipwe.

"Mpwa wangu," akajibu, "msumari haushindi maji. Sakafu ikiachana, litatajwa jina langu."

Madaftari nimeyapata kwa kazi ndogo ya madirisha. Godoro ni lile lile la zamani. Hata hivyo nimepata elimu. Hata mbao zilizokauka vema, fundi huziachia nafasi ya milimita 10 hivi kando ya ukuta, zipate pa kutanukia. Wenzangu, tutakapokuwa mafundi, wahandisi au wenye nyumba, tusimharakishe ajuaye kazi yake.