Losheni ya Maziwa ya Mbuzi



Kila kiangazi ngozi ya binti yangu hupauka na kumwasha. Losheni za dukani nilizitilia shaka, kwani gliserini nyingine hutokana na mafuta ya wanyama na lebo haisemi ni mnyama gani. Nikaamua kutengeneza yangu hapa Buyenzi.

Nilipasha moto maziwa ya mbuzi gramu 75. Katika chombo kingine nikayeyusha mafuta ya nazi gramu 18 na gramu 6 za nta ya mimea inayounganisha maji na mafuta. (Nta ya nyuki peke yake haishiki, maji hujitenga.) Vyote vilipofika nyuzi 70 nilivichanganya, nikakoroga mpaka vikapoa.

Kwa furaha nikampelekea jirani kichupa. Baada ya siku nne alikirudisha kimya kimya, kinanuka. Alikwisha kumpaka mtoto wake mchanga, naye akatokwa na vipele. Nilikuwa sikutia dawa ya kuzuia kuoza, wala sikumwambia akiweke kwenye friji. Nililia, nikamwomba msamaha. Alinisamehe, Mwenyezi Mungu amlipe kheri.

Sasa natengeneza kidogo, naiweka kwenye friji, na ya siku ya tano naimwaga. Ngozi yenye vidonda siipaki. Hiyo ni kazi ya daktari.

Nilichunga sana halali ya viungo, nikasahau kwamba Mtume (s.a.w.) ametukataza pia kumdhuru mwenzetu.

Wabillahi tawfiq.