Nyota Benchini

Mchezaji wa mpira wa kikapu aliyekuwa tegemeo la shule yake huko Wundanyi au Taveta, ajiungapo na Chuo Kikuu cha Taita Taveta, karibu na mji wa Voi, huenda akajikuta mchezaji wa akiba. Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka. Hawakusema ashukaye afanye nini akifika chini. Hapo ndipo penye mtihani, kwani apotezaye nafasi hupoteza pia jina alilozoea kuitwa.

Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam aliukabili mtihani huo mbele ya ulimwengu. Mwaka 2009 aliteuliwa wa pili miongoni mwa chipukizi wa NBA. Februari 2010 akapelekwa ligi ya chini. Baadaye, katika timu ya Oklahoma City, aliingia uwanjani kwa dakika chache tu, akazitumia kuzuia mitupo na kudaka mipira iliyogonga ubao. Mmarekani Andre Iguodala naye alikuwa ameanza mechi zote 758 za ligi kabla ya kuwekwa benchi msimu wa 2014/15. Msimu ulipoisha, alitawazwa mchezaji bora wa fainali.

Si kila anayeketi hupata taji, Thabeet hakulipata. Hata hivyo, benchi humfunza nyota kuusoma mchezo ambao awali aliucheza tu. Akiinuka, hata kwa dakika tano, huinuka na elimu hiyo.