Bustani ya Wahungaria na Ngoma Zetu

Jina la Hungaria si geni katika parokia zetu. Kila mwaka, tarehe 17 Novemba, twamkumbuka Mtakatifu Elizabeti wa Hungaria, binti wa mfalme, aliyezaliwa mwaka 1207 na kufa mwaka 1231, akiwa na miaka 24 tu. Katika picha zake huonekana amebeba maua ya waridi ndani ya nguo, kwa kuwa watu wa kale walisimulia ya kwamba mikate aliyokuwa akiwapelekea maskini iligeuka maua. Lakini Wahungaria wenyewe ni watu gani, wanacheza ngoma gani, wanakula nini? Hapa Mwadingusha nani alijua? Mimi sikujua mpaka mpwa wangu aliponiandikia.

Mpwa huyu, mtoto wa dada yangu, alikimbilia Zambia wakati wa vita, akakaa kambini miaka mingi, halafu akapelekwa Marekani. Sasa anakaa Cleveland, mji wa viwanda ulio kando ya ziwa Erie. Katika mji ule iko bonde yenye miti mingi, na katika bonde hiyo kila taifa lililohamia pale limepanda bustani yake. Ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1916 kwa heshima ya Shakespeare, mtunga michezo wa Uingereza. Mwandishi wa gazeti mmoja, Leo Weidenthal, aliiona akafikiri: mbona na mataifa mengine yasipate yao? Leo bustani zimepita thelathini. Ya Wahungaria ilizinduliwa mwaka 1938, na ndani yake mna sanamu ya Liszt, mpiga piano mashuhuri, na ya Bartók, yule aliyezunguka vijijini na mashini ya kunasa sauti ili nyimbo za wakulima zisipotee.

Mara moja kwa mwaka watu wote hukusanyika bondeni. Mpwa wangu aliniandikia hivi: “Mjomba, wanapita na bendera zao kama sisi kwenye maandamano ya Ekaristi. Nilisimama kwa Wahungaria muda mrefu. Wanawake wamevaa blauzi zilizotiwa maua kwa sindano, na vijana wanapiga viatu vyao kwa viganja, pa! pa! kama ngoma. Wakanipa nyama iliyopikwa na vitunguu na pilipili nyekundu, nikakumbuka mchuzi wa mama. Tena siku ile kuna watu wanaoapishwa palepale bustanini wawe raia wa nchi.”

Habari ya pilipili ilinichekesha. Wahungaria huisifu kama kitu cha baba zao, nasi pia. Kumbe pilipili ilitoka Amerika kwa merikebu, ikafika kwao na kwetu baada ya Kristofa Kolumbo. Imerudi kwao huko Cleveland kama mgeni anayerudi nyumbani.

Watu hao hawakwenda Marekani kwa matembezi. Tangu mwisho wa karne ya 19 walifika kwa maelfu kufanya kazi katika viwanda vya chuma, kama vile babu zetu walivyoletwa Likasi na Kambove kwa kazi ya shaba. Mwaka 1892 walianzisha huko parokia ya Mtakatifu Elizabeti wa Hungaria, ya kwanza ya Wahungaria Wakatoliki katika nchi nzima ya Marekani. Mwaka 1956, jeshi la Warusi lilipoponda maasi ya Budapest, watu karibu 200,000 walikimbia Hungaria, na wengine wao wakapokewa na ndugu zao Cleveland.

Lakini liko jambo lililonigusa kuliko hayo yote, nalo ni majirani. Baada ya vita kuu ya kwanza, kwa mkataba wa Trianon wa mwaka 1920, Hungaria ilinyang'anywa karibu theluthi mbili za nchi yake. Sehemu kubwa walipewa Waromania, Wacheki na Waslovaki, na watu wa Yugoslavia. Jambo hilo Wahungaria hawajalisahau hata leo. Basi katika bonde la Cleveland, Waslovaki wana bustani yao, Waromania wana yao, na Waserbia pia. Watu wa Yugoslavia walikuwa na bustani moja tangu 1938. Nchi yao ilipovunjika, ile ikabaki ya Waslovenia, na Wakroatia na Waserbia wakapata zao baadaye. Hivyo wote wamepanga barabara moja. Anayetaka kuwaona Wahungaria wakicheza atapita mbele ya wale waliowachukulia nchi, na hakuna anayemrushia jiwe.

Nasema hivi kwa sababu sisi wa upande wa Likasi tumeona mengine. Mwaka 1992 ugomvi wa siasa uliwasha chuki katika Katanga, iliyoitwa Shaba wakati ule. Watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika nyumba zao, hata wale waliozaliwa hapa na baba zao wamezikwa hapa. Maelfu walilala stesheni ya Likasi wakingoja gari moshi la kuwapeleka Kasai, na wengi, hasa watoto, wakafa kwa njaa na magonjwa. Siku zile nilisikia nyimbo nilizozipenda tangu utoto, nyimbo za arusi, zikiimbwa barabarani ili kuwatisha jirani zetu. Tangu hapo nikisikia mtu anataka sikukuu ya kabila, moyo wangu husita. Nyumba iliyopakana na yetu iliachwa na mwembe uliojaa matunda mabichi. Mama yangu alikataa tusiyachume.

Tena tunaye Mhungaria mmoja wa kwetu, ndiye Emil Torday, aliyezaliwa Budapest mwaka 1875. Aliingia Kongo mwaka 1900, akatumika kando ya ziwa Mweru, huku kwetu Katanga, halafu akahamia Kasai. Alijifunza lugha nyingi za watu wetu. Mwaka 1908 alifika kwa mfalme wa Bakuba, Kot aPe, akaandika masimulizi ya wafalme wa zamani, akapata sanamu zao za mti ambazo ziko London hata sasa. Kama ilifaa ziondoke, hilo ni shauri jingine, nami nadhani nyingine zingerudi. Lakini Ulaya ya siku zile ilisema Mwafrika hana historia, naye akaonyesha orodha ya wafalme.

Sasa katika parokia yetu vijana wameomba siku ya tamaduni, na kila kabila lipewe kipande chake cha shamba karibu na kanisa kipandwe miti. Wazee wengine wamekataa, na sababu yao naijua. Mimi ningekubali, ila kwa sharti moja: pasiwe na ua kati ya vipande, na njia iwe moja, kama ile ya Cleveland. Basanga, wenye nchi hii ya Lufira tangu kabla bwawa na mashini za umeme za mwaka 1930, wana mmea wao tayari. Ni ule mdogo wenye maua ya zambarau, unaopenda udongo wa shaba ambao mimea mingine huukimbia. Wataalamu waliochimba mahali ulipojaa wamekuta masalio ya tanuru za wafua shaba wa kale, wale ambao Monsinyori de Hemptinne aliandika habari zao mwaka 1926, akiwaita wala shaba. Lakini vilima vyenye mmea huo vinachimbwa kila siku, na vijana wetu wengi wanaukanyaga bila kujua jina lake. Afadhali tupande kidogo mbele ya kanisa, hata kama itabidi kuleta udongo wake kwa mikokoteni.

Mkutano utaendelea Jumapili ijayo baada ya Misa ya pili. Mama mmoja wa Kasai, ambaye wazazi wake walirudi hapa baada ya yale ya 1992, ameniuliza kama mbegu za mchikichi zitaota Mwadingusha kwa baridi hii ya mwezi wa sita. Nimemwambia azilete.